Ukuta wa Berlin Uliopatikana Kitengela

Nilidanganya darasa zima kwamba jiwe nililookota nyuma ya nyumba yetu Kitengela ni kipande cha Ukuta wa Berlin. Mwalimu Nduku, anayetufundisha historia, alisema kila mtu alete kitu cha kale kinachohusu dunia, na alama ziingie kwa ripoti ya muhula. Lemayian alileta koti la jeshi la babu yake. Mimi niko na nini? Jiwe lenye rangi ya buluu iliyomwagika tukipaka geti.

"Mjomba alikuja nalo kutoka Ujerumani," nikasema, uso mkavu kama Kajiado wakati wa kiangazi.

Shida ni kwamba waliamini, wakaanza maswali.

"Buda, mbona rangi iko upande mmoja tu?" Lemayian akauliza.

Nikaomba siku moja, nikazama kwa kitabu. Kumbe upande wa magharibi watu walichora walivyotaka, lakini wa mashariki ukisogea karibu ungepigwa risasi! Nikaeleza hadi mwalimu akapiga makofi. Wiki hiyo nilisoma kuliko mwaka mzima, ili tu uongo wangu usife njaa.

Siku ya wazazi, mwalimu akaliweka jiwe juu ya kitambaa cheupe, akamshika mama mkono.

"Mama, ona kipande cha Ukuta wa Berlin alicholeta mwanao! Huu ulizuia watu wasitoroke."

Mama akaligeuza jiwe, akanitazama, kisha akasema: "Mwalimu, hili ndilo hufunga mlango wa kuku wangu. Tangu lipotee, watatu wamehamia kwa jirani."