Mfuko wa Mchanga Niliokwenda Nao Minjila

Naikumbuka siku niliyoshuka mtumbwini kwenda ukweni, karibu na Minjila, bi harusi mzima na mfuko wa mchanga kichwani. Usicheke, mwanangu, walishacheka wengine kabla yako. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa msichana wa Ozi niliyejua mambo mawili: kufinyanga vyungu na kujibu watu. Wenzangu walikwenda kwa waume zao na mikeka na leso. Mama yangu aliniongezea mchanga mweusi wa ufukweni, wa kuchanganya na udongo wa vyungu, ule unaobaki mawimbi yakishauchukua mweupe. Ni mzito huo, shingo iliniuma safari nzima.

"Kwani huku kwetu hakuna mchanga?" wanawake wa pale waliuliza, wakashikana mabega kwa kicheko.

Mama mkwe hakucheka, ila alinitazama kwa namna iliyoniuma zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mfinyanzi wa kutegemewa, watu wakimfuata hata kutoka Garsen. Shemeji yangu mdogo alikuwa anaoa, vyungu vya kupikia karamu, vikubwa kuliko alivyozoea kufinyanga, vilikuwa juu ya huyo mama, na vile alivyotangulia kuvichoma vilikuwa vimepasuka vyote. Sasa anaingia mkamwana na mchanga wake, kana kwamba ametumwa kumfundisha kazi! Nilitaka sana anipende, mwanangu. Nilikuwa mbali na kwetu, na usiku nilikuwa nalia kimyakimya mume wangu asisikie.

Alipokanda udongo mwingine nikajipa moyo. "Mama, niruhusu kimoja tu nichanganye mchanga wangu."

"Kimoja," alisema, akaendelea kuchanganya wake mweupe wa mtoni.

Tukafinyanga, tukaanika hadi vikakauka vizuri, tukavipanga chini ya kuni na samadi kavu, tukawasha. Moto ulipokufa, chungu chake kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Changu kizima! Basi kichwa kikanivimba. Badala ya kungoja kipoe nilikivuta kwa fimbo mpaka mbele ya wale waliocheka, nikamimina maji ili waone hakivuji. Nikasikia pa! Ufa ukashuka mbele ya macho yao, na kicheko kikaanza upya. Niliketi chini nikalia kama mtoto, maana niliona nimekwisha katika nyumba ile.

Mama mkwe alikuja taratibu, akangoja chungu kipoe, akapitisha kidole kwenye ule ufa. Halafu akawaita wale wanawake wasogee.

"Tazameni. Changu kimepasuka mpaka chini. Hiki kimemwagiwa maji kikiwa moto, na ufa umeishia hapa katikati." Akanigeukia. "Mchanga wako mzuri, mkamwana. Haraka yako ndiyo iliyotuharibia. Kesho wewe utanifundisha kuchanganya, na mimi nitakufundisha kungoja."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilizidi kulia, lakini kilio kingine.

Mjukuu wangu mmoja aliyesomea mambo ya madini amenieleza, na nilimsikiliza kwa raha. Anasema mchanga ule una oksidi ya titani iliyoshikana na chuma. Chembe zake zimejipanga imara ndani, na zikipata joto hutanuka polepole, sambamba na udongo. Mchanga mweupe, moto ukikolea, huvimba ghafla na kuusukuma udongo mpaka upasuke. Tena ufa ukikutana na chembe ngumu hulazimika kuzunguka, na kila ukizunguka unachoka. Titani hiyohiyo, anasema, ndiyo inayoipa rangi ya ukutani weupe wake. Nilimwambia mbona mchanga wenyewe mweusi tititi, tukacheka sote.

Vyungu vya karamu tulivifinyanga pamoja, na tulivingoja vikapoa mpaka vikashikika kwa mkono mtupu. Havikupasuka. Watu walipomsifu mama mkwe siku ya harusi, alisema kwa sauti ya kusikika uani kote, "Msinisifu mimi. Nina binti kutoka Ozi." Tangu siku hiyo hakuniita mkamwana tena.

Basi mwanangu, unayejiandaa kwenda kwa watu, iwe ni ndoa au kazi, nisikilize. Ulichofundishwa kwenu kipeleke, wala usikionee haya hata wakikicheka. Lakini usikimbilie kuwaonyesha watu kwamba umewashinda, kazi nzuri huonekana yenyewe. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, akaja mdogo na kitu usichokijua, mwambie mbele za watu akufundishe. Hutapungukiwa na kitu.

Mwenyezi Mungu akuongoze uendako. Akukutanishe na mama wa kukuita binti yake, na umri ukienda, nawe upate wa kumwita hivyo. Amina.