Redio Apimwa Lugha ya Alama

Wateja ndio waliombandika jina la Redio, na hakuna wa kuwalaumu. Ukikaa kwenye kiti chake cha kunyolea utamaliziwa habari za mpira, bei ya sabuni na visa vya mama mkwe wake kabla mashine haijafika kisogoni, na wewe hujapata upenyo wa kuchomeka hata neno. Ndiyo maana mtaa mzima uliangua kicheko uliposikia kwamba kinyozi huyu anajifunza lugha isiyo na sauti.

Yeye hakucheka. Binti yake wa pekee alizaliwa kiziwi, na kila alipokuwa na jambo la kusema alimpita baba yake sebuleni kama anapita kabati, akakimbilia jikoni kwa mama. Redio alitamani siku moja tu mtoto asimame kwake. Jambo hilo lilimuuma, asikudanganye mtu.

Basi akajiandikisha darasa la wazazi, na kila mteja alipotoka dukani alifanya mazoezi mbele ya kile kioo kikubwa. Mikono ikakolea. Akajiona bingwa.

Siku ya kupimwa, mwalimu, mwanamke kiziwi asiye na haraka, alimwita mbele ajieleze kwa alama. Redio akafunguka: kazi, nyumba, mke, binti, hata mama mkwe hakusalimika. Wazazi wenzake wakampungia viganja juu, maana ndivyo wanavyopiga makofi darasani humo. Kisha mwalimu akauliza kwa alama: binti yako anapenda nini? Redio akatabasamu, akajibu kwamba duka limefunguliwa muda mrefu. Mwalimu akarudia polepole. Redio akashukuru, akasema mke hajambo. Macho yake yalikuwa kwenye mikono yake mwenyewe, anaandaa jibu lijalo.

Mwalimu akachukua chaki, akaandika ubaoni: "Kusema, vizuri sana. Kuelewa, bado kabisa. Ulikuwa unafanya mazoezi na nani?"

Redio akachora kioo hewani, kisha akajigusa kifua. Darasa zima likainamisha vichwa kuficha vicheko.

"Unabaki darasa la kwanza," mwalimu aliandika. "Lengo lako la wiki hii: uliza swali moja. Weka mikono magotini. Usiiondoe mpaka mwenzako amalize."

"Hilo tu?" Redio alibwata kwa sauti, kisha akakumbuka alipo. Alirudi nyumbani amenuna, maana alikuwa ameshawatangazia wateja kwamba anapanda darasa.

Jioni binti alikuwa amekaa ukumbini anafunga mkoba wa shule. Kila siku Redio humuuliza kama rafiki yake wa dawati moja hajambo, kisha yeye mwenyewe huinua dole gumba kwa niaba ya mtoto na kuendelea na mengine. Leo aliuliza, akakaa, akabana viganja magotini. Viliwasha hasa!

Binti akainua dole gumba, kama baba alivyozoea kumjibia, akangoja maneno yanayofuata. Hayakuja. Akaitazama mikono ya baba, akamtazama usoni, kisha taratibu akaanza kusema. Redio hakuambulia kitu. Akaomba arudie, akarudisha mikono magotini. Mtoto akarudia polepole, na safari hii yakaingia moja moja: rafiki, amehama, zamani, nakaa peke yangu.

Mama mtu alishamwambia habari hizo muhula uliopita, mara mbili, ila Redio alikuwa anaongea.

Aibu ikamshika. Alitaka kusema pole, na mikono ilikuwa imeshaanza kunyanyuka, lakini akaona ya binti haijatulia. Akairudisha yake chini. Mtoto akasogea, magoti yakagusana, akaanza habari nyingine.

Mkewe akatokea mlangoni kuwaita mezani. Binti akamwinulia kiganja asubiri kwanza, wala hakugeuka, akaendelea kuongea na baba yake.