Nahodha wa Bwawa la Njoroge

Kosa nitakalolisimulia hapa lina jina: ni kujivika sifa ya kazi iliyofanywa na mke wangu. Nalitaja mapema ili msomaji asinihurumie kabla ya wakati, maana mimi ndiye niliyezoea kuwakemea vijana wa kanisa letu la Kanduyi kwa majivuno, tena kwa sauti iliyofika hadi barabarani, na ni haki kabisa kwamba aibu ilinikuta mbele ya kanisa hilohilo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, rafiki yangu wa tangu chuo cha ualimu aliuza nyumba, akahamia na mkewe kwenye mashua ya tanga, wakawa wanaishi humo wakipita kisiwa hadi kisiwa, Pemba, Mafia na vingine ambavyo sisi watu wa mahindi tulivijua kwa ramani tu, kisha wakatualika mimi na Nasimiyu, mke wangu, tukae nao likizo nzima ya Agosti. Nilifungasha sanduku zima la vitabu (kana kwamba bahari ingenitahini). Nasimiyu alifungasha unga wa wimbi na sweta.

Ukweli wa maisha yale ni kwamba nilitapika kutoka kisiwa cha kwanza hadi cha mwisho. Nililala chali chumbani chini, ndoo ubavuni, kitabu usoni, huku Nasimiyu, mzaliwa wa Sirisia ambaye hakuwa amewahi kuiona bahari, akijifunza kule juu kupandisha tanga, kuusikiliza upepo kwa shavu, kuoga maji ya chumvi na kujisuuza kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Kabla hatujaondoka, mwenyeji wetu alikuwa akimwachia usukani na kwenda kulala usingizi mzito. Mimi niliachiwa ndoo.

Sasa ona nilivyofanya. Tukiwa njiani kurudi, nilinunua kofia nyeupe ya nahodha, nikaivaa Jumapili ya kwanza. Mchungaji Wafula aliiona mlangoni.

"Mwalimu! Kumbe uliendesha?"

Ningeweza kusema hapana. Nilitabasamu. Tabasamu lile lilizaa hadithi, hadithi ikazaa mwaliko, na haukupita muda nikawa nafundisha chama cha wanandoa somo zima kwamba chombo kina nahodha mmoja, na mke mwema hushika kamba anayopewa, kama nilivyomfundisha wangu. Nasimiyu aliketi mbele, akitazama viganja vyake.

"Baba Wekesa," aliniambia tulipofika nyumbani, "kofia sikudai. Lakini ukisema tena mbele ya watu kwamba ni wewe ulinifundisha, sitaketi tena kando yako kanisani. Wakiuliza, utawaeleza mwenyewe."

Huyu ni mwanamke asiyetisha mtu. Husema, kisha hufanya.

Ndipo chama kikaenda matembezi Kitale, kwenye shamba la Bwana Njoroge, ambaye baba yake alilinunua kwa mzungu aliyeondoka akiacha bwawa na, ndani ya ghala la mahindi, mashua ndogo ya tanga. Njoroge alikuwa ameiosha kwa heshima yangu.

"Nahodha, chombo chako kiko tayari!"

Watu wakapiga makofi. Nasimiyu, aliyekuwa penye sufuria, alinisogelea. "Bado unaweza kukataa," alisema polepole.

Nikaiweka kofia sawasawa na kuutangazia umati kwamba hakuna hatari, mwulizeni mama huyu niliyemfundisha mwenyewe. Alifuta mikono, akachukua kiti chake, akaenda kuketi peke yake ng'ambo ya pili ya bwawa.

Mchungaji aliingia nami mashuani na suti yake. Nilipandisha tanga (hilo nilikuwa nimeliona kupitia tundu la dirisha), na ile kamba yake, ambayo nahodha huishika mkononi ili ailegeze upepo ukizidi, mimi niliifunga kwenye mbao kwa fundo tunalofungia ng'ombe, lile ambalo kadiri mnyama anavyovuta ndivyo linavyokaza. Upepo ukashuka kutoka Mlima Elgon. Mashua ikalala ubavu na kuondoka mbio kama iliyofukuzwa, nami nikalikwangua fundo hadi kucha zikauma.

"Nahodha, si upige breki!" mama mmoja alipaza sauti.

"Ati breki! Hiyo si trekta, bana!" mwingine akamjibu.

"Mwalimu," Mchungaji aliuliza akiwa ameukumbatia mlingoti, "hii ni kawaida?"

"Kawaida kabisa," nilijibu, maji yakiingia viatuni. Mti ulioshikilia tanga kwa chini ukayumba, ukanipokonya kofia. Sijui kuogelea, Mchungaji pia hajui.

"Mama Wekesa!" nililia. "Nifanye nini?"

Nasimiyu aliinuka bila haraka.

"Kwanza waambie watu, kule baharini nani alikuwa anaendesha?"

"Ni wewe!"

"Sijasikia!" (Alisikia. Hata ng'ombe wa Njoroge walisikia.)

"Ni wewe uliendesha! Mimi nilikuwa natapika!"

"Amina," alisema Mchungaji.

"Haya. Mkono wa usukani, usukume uelekee upande wa tanga! Wote! Usiogope!"

Nilisukuma. Pua ya mashua ikageukia upepo, tanga likapwaya na kupigapiga kama shuka kwenye kamba ya nguo, na ghafla tukatulia. Akaniamuru nilishushe na nisiguse kitu kingine. Upepo ukatusukuma taratibu hadi kwenye matete ya upande wake, naye akakunja sketi, akaingia maji ya magoti, akatuvuta. Alilitazama fundo langu.

"Ulikuwa unafunga ndama?"

Umati uliangua kicheko ambacho nakisikia hadi leo. Kofia ilizama, sikuomba itafutwe. Jumapili iliyofuata nilifika kanisani mapema, nikaketi, nikabakisha nafasi kando yangu, na wimbo wa kwanza ukaisha nafasi ikiwa tupu. Katika wa pili alikuja akaketi. Tangu hapo sifundishi nisichokitenda, na mtu akiniuliza nani alikuwa nahodha wetu visiwani, namjibu wazi, bila kutabasamu: Nasimiyu.