Benki Isiyo na Dirisha na Mtu Wetu wa Dar

Tuliokulia Makere wakati betri za redio zikianikwa juani ili zipate nguvu, tunajuana hata bila kutajana majina. Asubuhi baridi inakung'ata masikio, unakwenda shule na kuni begani, vumbi jekundu limekupaka hadi kope. Mfukoni una kipande cha muhogo wa kuchemsha, na yakifika mapumziko kimeshaingia mchanga. Ulikula hivyo hivyo, na ukatamani kingine. Jioni tulicheza rede mpaka sauti ya mama ibadilike, kisha ni mbio kuuwahi ugali na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Mawese ya Kigoma, jamani! Hadi leo nikiyasikia harufu nageuka.

Ukiulizwa utakuwa nani ukikua, majibu yalikuwa yale yale: nesi, mwalimu, sista. Mimi nilijibu mwalimu mpaka nilipofika kidato cha tano. Mwalimu wetu wa uchumi, kijana wa Dar mwenye viatu vya ncha, alituambia kuna benki ambazo hazipokei akiba ya mtu. Kazi yao ni kuyatafutia makampuni mtaji, kupima thamani yake, kuuza hisa na hati fungani. Niliganda kwenye dawati. Likizo ilipofika nikamwambia baba kwamba nikimaliza shule nataka chuo kitakachonifikisha huko.

Baba alikuwa mnunuzi wa maharage, mtu wa kuuliza kabla ya kukubali.

"Hiyo benki, dirisha la kuweka hela liko wapi?"

"Haina, baba."

"Mama Konso, njoo usikie! Benki haina dirisha!" alimwita mama.

Walicheka mpaka mama akashikilia mlango wa jiko.

Kicheko kilikatika mwaka uliofuata, nilipotaja chuo chenyewe. Mwalimu alikuwa amenifundisha namna ya kuchagua: usihangaike na jina wala majengo, tazama kama wanafundisha fedha na uwekezaji kwa hesabu nzito, na kama wanafunzi wanapelekwa kufanya mazoezi kwenye ofisi zinazouza hisa. Ofisi hizo zilikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo na chuo kilikuwa Dar. Baba hakuuliza habari za hesabu. Aliuliza, "Huko tuna mtu?"

Hatukuwa naye. Mwanza ndiko alikokuwa shangazi, na jirani na shangazi kulikuwa na chuo cha ualimu. Kwa baba, mjadala ulikuwa umekwisha.

Sikumlaumu, ingawa nililia sana. Baba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa bibi, wakafika mahali ambapo hakuna aliyejua majina yao. Bibi alisema kilichomuuma kuliko njaa ni kukosa hata mmoja wa kumwambia karibu. Baba alikua na hadithi hiyo, akaapa kwamba mtoto wake hatashuka kwenye gari asikongojewa. Na maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Nadhani machozi yangu yalimchoma, maana kesho yake alipanda baiskeli akaenda Kasulu mjini. Hakuuliza chuo gani kizuri. Aliuliza makondakta, akauliza parokiani, akadandia lori la mahindi hadi Kibondo kwa binamu yake: nani ana mtu Dar? Alhamisi jioni tukasikia kengele ya baiskeli tangu mbali. Mzee Shabani, muuza vitenge wa Kasulu, alikuwa na dada yake Tandika.

"Nimemwambia sisi ni Wakristo," baba alisimulia akihema. "Akaniuliza, kwani mtoto wako hali wali?" Kisha akanishika bega. "Chagua sasa, mwana wanje, mwanangu. Mtu yupo."

Ijumaa tulikuwa Kasulu kwenye chumba cha intaneti, jenereta likinguruma nje, mimi nikidonoa herufi kwa kidole kimoja na baba nyuma yangu akihimiza, "Bonyeza! Bonyeza kabla halijazimika!" Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

Siku niliposhuka kwenye basi, miguu imevimba kwa safari, alinijia mama mnene mwenye baibui. "Wewe ndiye wa Makere? Haya, unakula nini?" Nikasema maharage. Bi Zainabu, yule dada wa Mzee Shabani, akaangua kicheko, akanipikia pweza. Nilimtazama yule mdudu kwenye sahani nikamkumbuka mama. Nyumbani kwake nilikaa hadi nilipohitimu, na leo nafanya kazi kwenye benki isiyo na dirisha.

Sasa ni zamu ya binti yangu, Neema. Naye anaitaka kazi hii hii, ila anachagua chuo akiwa amelala kwenye kochi. Ameshatazama video za mabweni, kantini na hata vioo vya bafuni. Kozi yenyewe aliifungua mwisho. Nampenda, lakini kuni asingeziweza. Hatimaye alichagua vizuri: chuo cha Nairobi, hesabu nzito, mazoezi kwenye kampuni za uwekezaji.

Maneno yakanitoka yenyewe: "Huko tuna mtu?"

Neema akacheka. "Mama, kuna ramani kwenye simu!"

Nikampigia baba. Amezeeka, magoti yanamsumbua, baiskeli kawaachia wajukuu. "Nairobi? Ego, ndiyo, nipe siku mbili," akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya Alhamisi. Kabla hata siku hizo hazijaisha alikuwa amempata mtu wa Nairobi: dada wa fundi cherehani wa Kikongomani aliyewahi kumshonea suti pale Kasulu.

Enzi zetu tulijua machache kuhusu tunakokwenda, lakini kulikuwa na mtu anatungoja. Wanetu wanajua kila kitu, na wanashuka peke yao. Nilitaka kumwambia Neema hayo, ila simu yake ikaita kwa ujumbe kutoka namba asiyoijua. Akausoma, akanipa niuone.

"Karibu Nairobi, mwanangu. Unakula nini?"