Jiwe Lililozungushwa Mekoni

Kallo mkunga alikuwa na ulimi wa kuchubua ngozi, lakini mikono yake ilikuwa laini, ndiyo maana kijiji kizima chini ya mlima Helikoni kilimvumilia. Mwanamke akishikwa na uchungu, Kallo alimketisha kwenye kiti cha kuzalia, akampaka mafuta tumboni, akaanza hadithi yake ile ile. Mwanzo palikuwa na Ombwe tu. Akatokea Dunia, akamzaa Mbingu. Mbingu akamlalia mama yake huyo huyo usiku na mchana, na kila mtoto aliyetaka kutoka tumboni akamsukumiza ndani.

"Msikie mwanamume huyo!" Kallo alikuwa akifoka, kana kwamba jambo lenyewe limetokea jana kwa jirani. "Anaziba mlango kwa mwili wake! Dunia akapiga mayowe kama wewe hivi. Haya, sukuma!"

Kisha alikuja Krono, kitinda mimba, akamkata baba yake uume kwa mundu na kutawala yeye. Naye hakuwa na afadhali, maana kila mtoto wake alimmeza. Mpaka siku moja Rea, mkewe, akamficha mtoto, akaviringisha jiwe kwenye nguo za kichanga na kumpa mumewe. Krono akameza jiwe. Hapo wanawake walicheka katikati ya uchungu wao, na mara nyingi kichwa cha mtoto kilitokeza katika kicheko hicho.

Siku ya tano baada ya mtoto kuzaliwa, Kallo hakuwa na hadithi. Siku hiyo mtoto hulazwa sakafuni. Baba akimwinua na kukimbia naye kuzunguka meko, mtoto amekuwa mtu. Mlangoni hutundikwa tawi la mzeituni kama ni wa kiume, sufu kama ni wa kike. Baba akimpa mgongo, mkunga humtia katika chungu na kumpeleka mlimani, akamwacha huko afe. Kallo alikuwa amebeba vyungu vingi. Viwili vilitoka nyumbani kwa Dorkon, mwenye shamba la mizabibu, na vyote viwili vilikuwa vya watoto wa kike; mvulana wao mmoja ndiye aliyezungushwa meko.

Nikarete, mke wa Dorkon, alipojifungua mtoto wa kike wa tatu, hakulia. Siku ya nne alimshika Kallo mkono.

"Mama, nitafutie jiwe."

"Wee! Una wazimu?"

"Dada yangu ng'ambo ya kilima amefiwa na mwanawe juzi, maziwa yanamchuruzika. Mpelekee huyu. Chungu kitie jiwe."

"Akijua mumeo?"

"Krono alijua?"

Kallo alimtukana matusi yote aliyoyajua. Kisha akashuka mtoni, akachagua jiwe moja, akalipima mikononi, akalirudisha, akachagua jingine.

Kulipokucha Dorkon alimtazama mtoto pale sakafuni kidogo sana, akatoka nje. Kallo akamshibisha mtoto kwa mama yake mpaka akalala fofofo, akamfunika sufu kwenye kapu. Jiwe akaliviringisha vizuri, akalitia chunguni, akafunika. Alipofika uani, chungu kichwani na kapu mkononi, Dorkon alikuwa amekaa langoni ananoa mundu wa kupogolea mizabibu.

"Shikamoo, mama. Weka chini hicho chungu."

"Kikishabebwa hakiwekwi, mwanangu. Ni nuksi."

"Weka."

Kallo akakiweka. Dorkon akaondoa kifuniko kwa ncha ya mundu, akafunua nguo, akaliona jiwe. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Loo, mama Kallo! Hamna nyingine? Mama yangu si ulimzalisha wewe? Hadithi hii si nimeisikia hata kabla sijatoka tumboni! Krono alikuwa mungu, anameza tu. Mimi mkulima bwana, nafungua kila gunia."

Hakumpiga mtu. Heri angepiga! Aliliinua lile jiwe na nguo zake, akaingia nalo ndani, akazunguka meko mara tatu mbio, na kwa sauti ambayo majirani waliisikia akalipa jina la Rea. Akatoka tena, akachukua sufu kapuni, akatundika mlangoni kwa mkono wake. Mtoto akabaki wazi, akaamka, akaanza kulia.

"Wangu nimeshampata," Dorkon alimwambia mkewe. "Huyo mtie chunguni wewe mwenyewe. Hutaki, toka leo urudi kwenu, na mwanangu hapa hutamwona tena."

Mwana aliyemtaja, yule mvulana, ndiye mtoto pekee ambaye Dorkon alimwachia Nikarete. Nikarete alimtia binti yake chunguni. Alimlaza ubavu, akamkunja miguu, akamfunika.

Dorkon akafuatana na Kallo hadi mlimani. Akakaa kivulini, akala jibini na zeituni, akitema kokwa. Kallo alimwangukia miguuni, akamwita mwanangu, akamkumbusha kwamba alizaliwa kitovu kimemzonga shingoni na ni yeye aliyemfungua. "Nakushukuru, mama," Dorkon alisema, akaendelea kula. Sauti chunguni iliponyamaza na kubaki kimya muda mrefu, alijipangusa mikono. "Twende zetu, jua linawaka."

Walipofika, nyumba ilikuwa imejaa majirani. Waliona sufu, wakaleta pweza mkavu na keki za asali kama ilivyo desturi. Wakaonyeshwa jiwe pale mekoni. Kwanza waliduwaa, kisha mmoja akacheka, basi wakacheka wote na kula. Sisi watu wa kijiji hiki ndivyo tulivyo, sifichi. Nikarete ndiye aliyewapakulia.

Tangu hapo Kallo hakumaliza hadithi yake. Akifika pale Krono anapomeza, ananyamaza. Mzazi akiuliza, "Rea naye akafanyaje?" anamjibu, "Sukuma."

Mwaka wa pili Nikarete alikaa tena kwenye kiti cha kuzalia. Jiwe lilikuwa bado pale mekoni, linang'aa kwa mafuta aliyolipaka kila siku. Nje Dorkon alikuwa akinoa mundu, sauti ikiingia ndani. Kallo alianza na Ombwe, akamtaja Dunia, akamtaja Mbingu anayeziba mlango. Kichwa cha mtoto kilikuwa karibu.

"Haya, mwanangu. Sukuma."

Nikarete alibana mapaja. Uso ulikuwa umemwiva, mishipa imemtoka shingoni.

"Sukuma, utamuua!"

"Sisukumi," alisema. "Akae humo humo."

Kallo akajaribu kumpanua miguu, akashindwa. Akapiga magoti mbele yake, mikono yote miwili imejaa mafuta, akaanza kumbembeleza.