Kupita Juu Mara Moja

Sheria yenyewe haikuwa ngumu, na niliiandika kwenye daftari kwa mkono wangu: kabla ya kutua, pita juu ya kiwanja mara moja, tazama soksi ya upepo ujue unavuma kutoka wapi, kisha zunguka kwa kushoto ndipo ushuke. Kwetu sheria hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Kiwanja kilikuwa kipande cha nyasi katikati ya shamba la ngano, upande wa Rongai, na nyasi zilipunguzwa na kondoo. Aliyewachunga alikuwa mzee mmoja wa Keringet. Ndege zilizokuwa zikienda zao hakuzijali. Ikipita moja chini chini juu ya kichwa chake, alijua inatua, akawaondoa kondoo. Hakuwa na redio wala bendera. Alitegemea masikio.

Mwaka 2007 nilikuwa na duka la spea za trekta Nakuru, na kichwa kikubwa kuliko duka. Mwenye shamba ndiye aliyenifundisha, na alikuwa ameniruhusu kuruka peke yangu kwa ndege yake nyepesi, ile ya mabawa ya kitambaa. Jumamosi moja shemeji zangu wawili wakaja kuniona. Walikuwa wamesema mezani kwa mama mkwe ati huwa naenda huko kuosha ndege za wenyewe.

Niliwaona kutoka juu, wamesimama kwa ua. Nikasema leo watajua mimi ni nani. Kuzunguka nikaona ni mambo ya wanafunzi. Nikapunguza injini mpaka ikawa inanong'ona, nikashuka moja kwa moja kutoka upande wa miti.

Kondoo wawili walikufa, na gurudumu likang'oka. Mimi sikuchubuka hata kidole.

Mwalimu alitoka mbio karakana, alikokuwa chini ya trekta inayonguruma. Hakuwa amesikia lolote. Akaniuliza mbele ya wote, "Ulipita juu?"

"Nilipita."

Shemeji zangu hawakujua kupita juu ni kitu gani. Aliyejua kama nilipita kweli ni mzee peke yake. Alinitazama, akawatazama kondoo wake, akavua kofia.

"Mimi sikusikia," alisema. "Lakini kama anasema alipita, basi alipita. Ni masikio yangu."

Haki ya nani, ningependa angenitukana. Wiki hiyo hiyo akarudishwa kwao. Mwalimu hakumwachisha kazi kwa ubaya. Alisema anaogopa siku moja ndege itamgonga mzee mwenyewe. Neno langu moja lingemrudisha kazini. Nililimeza, kwa sababu ningenyang'anywa ruhusa ya kuruka, na shemeji zangu wangecheka mpaka Krismasi. Ndiyo bei niliyomuuzia mzee wa watu.

Miezi mitatu baadaye nilibeba sukari na majani ya chai, nikaenda Keringet. Nilikuwa nimeapa kumwambia ukweli. Niliacha pikapu huko chini barabarani, nikapanda kwa mguu. Mzee alikuwa amekaa kwa kigoda, amenipa mgongo, na mke wake akipalilia viazi karibu naye. Nikiwa bado mbali, nilimsikia akimwambia, "Kuna mtu anakuja. Amevaa viatu vya mjini."

Mke aliinuka, akanisalimia vizuri, kisha akanionya, "Ongea kwa nguvu, masikio yalimwishia huko kwa ndege."

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio, kama mtu aliyeshazoea. Aliponitambua alifurahi, na hiyo iliniumiza zaidi.

"Siku ile," aliniuliza, "ulipita mara moja ama mbili?"

Ukweli ulikuwa hapo hapo kwa ulimi. Mke wake ameegemea jembe, ananitazama, sukari yangu kwa mkono wake.

"Mara moja, mzee," nilisema, kwa nguvu, vile nilivyoambiwa.

Akaitikia kwa kichwa, akamwambia mke wake aniwekee chai.