Skripti Niliyoifunga Mdomo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapomsikia kijana wa kompyuta akimwambia mwenzake, "Mbona kwangu inakubali?" Moyo huniuma hata leo, pamoja na mvi hizi zote.

Nilikuwa kijana, hapa hapa Karatu, katika ofisi ndogo iliyotengeneza programu za kupokelea wageni kwenye malodge, zile hoteli za watalii. Kabla ya hapo nilifanya kazi ya mapokezi kule juu Ngorongoro, na huko nilifundishwa kwamba mgeni haambiwi matatizo. Maji ya moto yamekatika? Tabasamu, mwambie hakuna shida, kisha kimbia nyuma ukamtafute fundi. Ndiyo adabu ya kazi ile, na ilinikaa.

Basi, pale ofisini niliandika skripti ya kujengea programu yetu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua ili kuunganisha vipande vyote viwe programu moja. Kitu kikikosekana, ilitoa mistari mirefu myekundu ya kueleza ni kitu gani na kilitakiwa kiwe wapi. Siku moja wateja walipotutembelea wakaiona, wakaanza kuulizana kama programu yetu ni nzima. Niliona aibu. Nikayazima maelezo yote, nikaweka sentensi moja ya kistaarabu: "Samahani, kuna hitilafu ndogo. Tafadhali jaribu tena." Na nikajisifu, mwanangu! Nilidhani nimeifunza adabu.

Kisha akaajiriwa Paskalina, binti wa wakulima wa kijiji cha Qurus, ametoka chuo juzi tu, bado yuko kwenye majaribio. Msimu wa wageni ulipokaribia, bosi wetu Mzee Bura akampa kazi ya kujenga toleo jipya. Mimi nilikuwa Ngorongoro nikifunga kompyuta za wateja. Akajaribu, ikakataa. Akajaribu tena kama alivyoombwa, siku nzima na kesho yake, akiombwa samahani kila mara bila kuambiwa kosa ni nini. Niliporudi nilimkuta macho yamemvimba.

"Kaka Danieli, sijui nakosea wapi."

Nikafungua laptop yangu, nikaiendesha ile skripti, ikakubali papo hapo. Nikacheka. "Mbona kwangu inakubali?" nikasema, na Mzee Bura amesimama pale pale. Mzee hakutaka kusikia zaidi, akamwachisha kazi. Paskalina akafungasha vitu vyake, akapanda bodaboda kurudi kwao.

Masika yalipokuja, mvua ikaniharibia laptop, nikapata nyingine. Nikaendesha skripti. Ikaniomba samahani, ikaniambia nijaribu tena. Nilijaribu mpaka nikatukana. Ndipo nikarudisha maelezo yote niliyoyazima, nikaiendesha upya, na mstari wa kwanza kabisa ukasema wazi: folda "danieli" haipo. Ilikuwa folda yangu mwenyewe, niliyoitengeneza kwenye mashine yangu ya zamani nikasahau kuwawekea wenzangu. Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kunywa chai.

Nilimfuata Paskalina Qurus. Nilimkuta akipukuchua mahindi na mama yake, nikamweleza yote, mama akisikiliza.

"Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inajua?" Paskalina akaniuliza.

"Ilikuwa inajua."

"Na wewe ndiye uliyeizuia isiniambie."

Nilimwomba arudi, nikamwambia Mzee Bura amekubali. Akatikisa kichwa.

"Kaka, mimi nilishakubali kwamba kichwa changu hakiwezi. Nilikubali mbele ya baba aliyenisomesha. Hilo utalirekebishaje?"

Akaendelea kupukuchua. Hakurudi tena kwenye kazi hii, na alikuwa na kipaji kuliko mimi.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukiandika kitu ambacho mwenzako atakitegemea, kiache kiseme kilichoharibika: kimekwama hatua ipi, kimetafuta nini na wapi, na yeye afanye nini. Mgeni mwandalie skrini nzuri, lakini mwenzako wa kazi mpe ukweli. Na siku kwako inapokubali na kwake inakataa, usicheke. Vuta kiti, ukae naye kwenye mashine yake.

Mungu akujalie moyo wa kuibeba aibu yako ikiwa bado ndogo, usije ukambebesha mtoto wa mwenzio. Ubarikiwe, wewe na wote utakaofanya nao kazi.